UZI: Daftari la walimu wa lugha Pemba, jina limeliwa na mchwa. Kilikuwa chama gani?

#1 Mwana wa Wete

Assalaam alaykum.

Mimi nasomesha Kiswahili skuli ya sekondari hapa Pemba, mwaka wa kumi na moja sasa. Mwezi uliopita tulikuwa tunasafisha nyumba ya marehemu mjomba wangu, naye alikuwa mwalimu, tukakuta darini kasha la bati limejaa vitabu. Vingi mchwa wamevimaliza. Chini kabisa lilikuwapo daftari moja la mistari, jalada gumu, kurasa kumi na mbili zimeandikwa kwa wino wa buluu. Ni kumbukumbu za kikao cha walimu wa lugha. Si walimu wote, walimu wa lugha peke yao.

Juu ya ukurasa wa mwanzo paliandikwa jina la chama chenyewe. Limebaki "…WA LUGHA PEMBA", na chini yake "Jumamosi, 14 Machi, 19", halafu tundu. Mwaka umeliwa.

Yaliyosomeka ni haya. Wanachama 23. Mbele ya kila jina pana herufi moja: wengi K, wengine I, wachache A, na mmoja tu F. Ada shilingi tano kwa mwezi. Walizungumza mambo matatu: kununua kamusi mpya sita za kuzungushana baina ya skuli, kusomeshana wenyewe kwa wenyewe kila baada ya wiki mbili, na kuandika barua Unguja wapate kutambuliwa. Kikao kilianza saa nne asubuhi Wete, wajumbe wa Mkoani walichelewa kwa sababu ya gari, na pakanywewa chai kwa mandazi. Anayeongoza anaitwa "Ndugu Mwenyekiti". Watano wametia saini kwa herufi za Kiarabu.

Miaka yote hii nimeamini kwamba sisi walimu wa lugha huku hatujapata kuwa na chama chetu. Kumbe mjomba alikuwa nacho na hakuniambia, na mimi nimesomea kazi ile ile aliyoifanya yeye. Naomba anayejua anisaidie: kilikuwa chama gani, kilianza lini, kikafia wapi?

#2 Bint Chake

Wa alaykum salaam maalim. Tuwekee picha. Na hilo daftari liweke juani siku mbili tatu na majani ya mwarobaini, mchwa watatoka.

#3 Maalim Mstaafu

Nimesomesha miaka 34, Unguja na Pemba, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Hicho hakikuwa chama cha kusajiliwa. Zamani likizo zikifika wizara ilikuwa ikituita kwenye semina za masomo. Mnalala dakhalia wiki moja au mbili, mnasomeshwa, mnakula pamoja. Semina ikimalizika, watu wa somo moja wanapeana ahadi ya kuonana tena. Wengine walikutana mara moja wakasahau, wengine walidumu miaka. Walimu wa hesabu walikuwa nayo, walimu wa sayansi nao pia. Naona na hao walikuwa hivyo hivyo, semina iliyokataa kumalizika.

Kusomeshana kila wiki mbili ni jambo la semina kabisa. Mtu anachukua mada, ngeli za nomino au ufahamu, anasimama mbele ya wenziwe na wao wanakuwa wanafunzi. Nimeyafanya haya mwenyewe.

#4 Fundi Saa

Mimi si mwalimu lakini napenda mambo ya kalenda. Nimehesabu. Kuanzia 1950 hadi mwisho wa karne, 14 Machi iliangukia Jumamosi miaka hii tu: 1953, 1959, 1964, 1970, 1981, 1987, 1992 na 1998.

Sasa tazameni ile chai na mandazi ya saa nne asubuhi. Mwaka 1959 Ramadhani iliingia karibu na tarehe 11 Machi. Mwaka 1992 iliingia karibu na tarehe 5 Machi. Wete, walimu, asubuhi ya Ramadhani, mandazi? Haiwezekani. Miaka hiyo miwili itoeni.

#5 Bint Chake

Maashallah Fundi Saa! Sijawahi kuona mandazi yakitoa ushahidi.

#6 Mlinzi wa Makaratasi

#1, tafadhali usimsikilize dada yetu wa #2 juu ya jua. Jua linakausha karatasi mpaka inakatika na wino unapauka. Liweke kivulini penye hewa, ndani ya bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki. Kila ukurasa upige picha kabla hujalifunua mara nyingi. Kisha fikiria kulipeleka Unguja, Nyaraka pale Kilimani, angalau wapate nakala.

#7 Bint Chake

Nimekubali, juani nimekosea. Mwarobaini lakini siuachi.

#8 Kijana wa Mwaka wa Tatu

Naona jibu liko wazi. Mwaka 1964 tuutoe, miezi miwili baada ya Mapinduzi nani alikuwa na nafasi ya kikao cha kamusi. Neno "Ndugu" linautoa 1953. Shilingi tano inautoa 1998, maana wakati huo shilingi tano hata peremende hupati. Tunabaki na 1970, 1981 na 1987.

Mimi nasema 1981. TAKILUKI, taasisi yetu ya Kiswahili na lugha za kigeni, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970, na sasa imo ndani ya chuo kikuu cha SUZA ninakosoma. Wahitimu wa mwanzo wakarudi Pemba na hamu ya lugha, wakaanzisha chama. Na ile F ni Kifaransa. Kabla ya TAKILUKI mwalimu wa Kifaransa Pemba angetoka wapi?

#9 Mwalimu wa Kiingereza, Mkoani

Kijana hoja yako nzuri ila umewasahau watu wa herufi I. Walimu wa Kiingereza ndio wenye desturi ya vyama hivi. Marekani TESOL ilianza 1966. Uingereza W. R. Lee na wenzake walianzisha ATEFL 1967, na 1971 wakaongeza neno la kimataifa mbele, ikawa IATEFL. Na nyuma zaidi kuna FIPLV, shirikisho la vyama vya walimu wa lugha za kigeni, lililoundwa Paris 1931. Mwalimu aliyepelekwa kusoma nje miaka hiyo aliviona vyama hivi, alipewa majarida yao. Akirudi kwao anataka na yeye.

Kwa hiyo 1970 isitupwe mapema. Miaka mitatu tu baada ya ATEFL.

#10 Maalim Mstaafu

#9, heshima zako, lakini 1970 mwalimu gani wa Pemba alirudi kutoka Uingereza? Wengi waliosoma nje walikuwa wameshaondoka nchini. Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilitangazwa bure, wanafunzi wakajaa, walimu wakawa haba. Waliomaliza skuli jana ndio waliopewa madarasa leo. Mimi nilipewa darasa la tatu na sijaota ndevu. Kama watu walikutana 1970, walikutana kwa shida ya kazi, hawakuiga mtu.

Kuhusu F, yawezekana ni mshika fedha. Tulikuwa tukiandika hivyo, F mbele ya jina la anayeshika fedha.

#11 Kijana wa Mwaka wa Tatu

Lakini maalim, kama F ni fedha, mbona mwenyekiti hana M wala katibu hana herufi yake? #1 tuthibitishie.

#12 Mwana wa Wete

Nimetazama. Mwenyekiti ana K. Katibu, ambaye ni marehemu mjomba, ana K. Anayeitwa mshika fedha kwenye ukurasa wa tatu ana I. Mwenye F hatajwi pengine popote. Ni jina moja tu la mwanamme, na mchwa wamekula jina la baba yake.

Picha nazipakia usiku, mtandao huku leo unasumbua.

#13 Msomaji wa Zamani

Wote mnatazama karibu mno. Chama ni watu wa kazi moja wanaosemezana juu ya kazi yao, na Zanzibar hilo lilianza mapema sana. Mwaka 1927 Idara ya Elimu ilianzisha gazeti la walimu, Mazungumzo ya Walimu wa Unguja. Walimu waliandikiana humo juu ya usomeshaji, historia, lugha, maadili. Lilikuwa gazeti la serikali, ndiyo, na mkoloni alikuwa na yake aliyoyataka. Lakini mwalimu wa skuli ya shamba aliweza kumjibu mwalimu wa mjini kwa Kiswahili kilichopigwa chapa. Hayo si madogo.

Watu walioandika humo ndio waliowasomesha waliomsomesha mjomba wako. Nadhani daftari lako ni tawi la mti ule, hata kama wenyewe hawakuujua.

#14 Mkazi wa Temeke

Salaam kutoka bara. Mbona mnakwenda mbali? Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliundwa Mombasa 1928, Zanzibar ilikuwa mwanachama. Hicho ndicho chama cha kwanza. Makao yake yalikuwa Nairobi. Walimu wa shule za Pemba walikuwa chini yake.

#15 Msomaji wa Zamani

Karibu ndugu yetu, lakini nisahihishe matatu.

Mwaka 1928 ulikuwa mkutano tu, Mombasa, na ndipo ilipokatwa shauri kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati yenyewe ilianza kazi 1 Januari 1930, katibu wake wa mwanzo Frederick Johnson, yule ambaye kamusi zake zilitoka 1939.

Makao yake yalianzia Dar es Salaam. Yalihamia Nairobi 1942, Makerere 1952, Mombasa 1962, kisha yakarudi Dar es Salaam, na 1964 ikawa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ndani ya chuo kikuu, TUKI ya baadaye.

La tatu ndilo kubwa. Ile haikuwa jumuiya ya walimu. Ilikuwa ya serikali nne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, na kazi yake ilikuwa kuamua maneno na tahajia na kupitisha vitabu vya skuli. Mwalimu wa Wete hakulipa ada wala hakupiga kura. Alipokea kitabu kimeshapitishwa, basi.

#16 Mkazi wa Temeke

Nimepokea, shukrani. Hapo kwenye makao nilichanganya.

#17 Mvita Asilia

Mmelitaja shauri la 1928 nami nikaamka usingizini. Mkutano ufanyike kwetu Mombasa, wageni wale kwetu, walale kwetu, kisha Kimvita kiambiwe kikae pembeni na Kiunguja kipewe kiti! Karibu miaka mia, bado twauma vidole.

#18 Bint Chake

Pole kaka yangu wa Mvita. Sisi Wapemba tunakuelewa, maana hata Kipemba hakikuulizwa. Kiunguja kilichochukuliwa ni cha mjini, cha Mkunazini na Forodhani. Muulize mtu wa Makunduchi kama alishirikishwa.

#19 Mtu wa Kusini

Mmakunduchi nipo. Hatukushirikishwa. Angalau sasa Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, wametutolea kamusi la lahaja yetu, na la Kipemba, na la Kitumbatu. Bibi yangu angaliona neno lake kitabuni angalilia.

#20 Mkazi wa Temeke

"Kamusi la"? Si "kamusi ya"?

#21 Mtu wa Kusini

Umeyataka mwenyewe. BAKIZA walipotoa kamusi kubwa 2010 waliliita Kamusi la Kiswahili Fasaha, wakijua wanachofanya. Kamusi ni moja, makamusi ni mengi, kwa hiyo kamusi hili, makamusi haya, kama kasha na makasha. Nyinyi mliifuata TUKI, Kamusi ya Kiswahili Sanifu, 1981.

#22 Mkazi wa Temeke

Na kalamu je? Kalamu hii au kalamu hili? Imetoka kwa Waarabu vile vile.

#23 Mwalimu wa Kiingereza, Mkoani

Jamani, mtatumaliza. Ila #21 kanipa kitu bila ya kujua. Kamusi ya TUKI ilitoka 1981! Daftari linasema wanataka kununua "kamusi mpya sita". Kamusi mpya gani nyengine ya kuwafanya walimu wachangishane? Nauacha 1970, nahamia 1981.

#24 Fundi Saa

Pole pole. Kikao ni Machi. Kamusi iliyotoka Dar es Salaam mwaka ule ule, iwe imeshafika Wete mwezi wa tatu na habari zake zimeshaenea? Kwa meli za wakati ule? Mimi 1987 unanikaa vizuri zaidi.

#25 Msomaji wa Zamani

"Mpya" yaweza kuwa na maana ya kutochakaa tu. Mwalimu aliyezoea kamusi isiyo na jalada, kamusi lolote lenye jalada ni jipya. (Nimesema "lenye", mmeshaniambukiza.)

#26 Mhasibu Mstaafu

Nimesoma uzi wote huu kimya. Nyote mnauliza kilianza lini, mimi nataka kusema kwa nini kilikufa, maana nimevizika viwili kama hicho.

Ada ndiyo iliyoviua. Shilingi tano ya 1970 ni fedha, inanunua kitu. Shilingi tano ya mwisho wa miaka ya 1980 ni aibu kuitoa mfukoni. Chama hakipandishi ada kwa sababu kupandisha kunataka kikao, kikao kinataka nauli, nauli imepanda. Fedha iliyokwishakusanywa ikikaa miezi minane hainunui kamusi sita tena, inanunua mbili. Watu wanaanza kutazamana. Hakuna aliyeiba lakini mshika fedha anaanza kuonekana mwizi. Nimekuwa mshika fedha wa jumuiya moja ya watu wa kazi, nayajua macho yale. Nilitoa daftari la hesabu mara tatu, sahihi mpaka senti, na bado baadhi ya wenzangu hawakunisalimia msikitini kwa muda.

#27 Maalim Mstaafu

Allah akulipe kwa ulivyovumilia, mhasibu.

Niongeze la pili. Uhamisho. Watu 23, katibu akihamishiwa Unguja daftari linakwenda naye kwenye kasha. Huyo mjomba wake #1 aliwahi kusomesha Unguja?

#28 Mwana wa Wete

Naam maalim. Alihamishiwa Unguja akakaa huko miaka mingi, akarudi Wete baada ya kustaafu. Sikulifikiria hilo.

#29 Ummu Salama

Nafuatilia. Mama yangu alikuwa mwalimu Wete. Akiamka nitamsomea uzi huu.

#30 Kijana wa Mwaka wa Tatu

Maalim, na siasa je? Mbona hakuna anayeitaja.

#31 Maalim Mstaafu

Nilikuwa naizunguka, umenileta.

Kijana wangu, neno lenyewe "chama" kwetu ni zito. Bara mtu akisema chama cha walimu anasikia walimu. Hapa aliyeishi miaka ya 1957 hadi 1964 akisikia chama anasikia kampeni, ugomvi wa ndugu wa baba mmoja, watu wanaosusiana maziko. Baada ya Mapinduzi vyama vyengine vya siasa vikapigwa marufuku, kikabaki Afro-Shirazi, na 1977 kikaungana na TANU ikawa CCM. Kwa hiyo miaka hiyo ukijiita chama, suali la kwanza ni: chama kipi tena? Ndiyo maana Zanzibar hadi leo tunasema jumuiya, umoja, kikundi. Hata sheria ya 1995 iliitwa Sheria ya Jumuiya, na ulikuwa ukienda kwa Mrajis wa Jumuiya.

Naamini lile jina lililoliwa halikuwa na neno chama. Na barua ya kuomba kutambuliwa Unguja, pengine ndiyo iliyowamaliza. Barua ikenda, mtu akauliza hawa nani, nani kawaruhusu, na waliosikia suali hilo wakaacha kuja. Hakuna aliyewakataza. Suali tu linatosha.

#32 Mwalimu wa Kiingereza, Mkoani

Nakubali kwa miaka ya 1970. Kwa miaka ya 1980 sikubali, hali ilikuwa imelegea.

#33 Maalim Mstaafu

Ilikuwa imelegea juu. Ndani ya watu hofu inachelewa kutoka.

#34 Mshauri wa Somo

Mimi nimewahi kufanya kazi kituo cha walimu Pemba kwa hiyo niingie hapa. Vituo vilipofunguliwa, Michakaeni, Mitiulaya, Mizingani, Wingwi, na Unguja Kitogani, Dunga na vyengine, vilileta vitabu, mashine za kuchapia, washauri wa masomo. Vilifanya kazi kubwa na sitaki mtu avidharau. Lakini vilileta na posho.

Kabla ya posho mwalimu alipanda gari kwa fedha yake kwenda kumsikiliza mwenziwe akieleza ngeli. Baada ya posho suali la kwanza likawa kuna bahasha au hakuna. Siwalaumu walimu, mshahara ni ule ule mnaoujua. Ila nimeona kwa macho yangu kikundi cha walimu wa lugha waliokuwa wakikutana bure kila mwezi, mradi ukawafadhili miaka miwili, mradi ulipokwisha nao wakakwisha. Tuliwasaidia mpaka wakafa. Hili linaniuma hadi leo.

#35 Bint Chake

#34 umenigusa. Sisi skulini kwetu tulianza kikundi cha walimu wa Kiswahili na Kiingereza kwa sababu tulichoka. Sera ya elimu ya 2006 ilisema hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Basi mwalimu wa sayansi anakuja kwangu mimi wa lugha nimsaidie Kiingereza, mtoto anakuja nimsaidie Kiswahili cha sayansi ili aelewe kisha arudi akaandike kwa Kiingereza. Mzigo wa lugha wa skuli nzima uko kwa walimu watatu. Tulikutana mara nne. Mara ya tano msimu wa karafuu ukaingia, na Pemba karafuu zikishaiva hakuna kikao kinachosimama, kila mtu yuko juu ya mkarafuu au chini yake. Baada ya msimu hakuna aliyeita tena.

#36 Mkazi wa Temeke

Huku kwetu tuna chama cha walimu, CWT, na nyinyi si mna ZATU?

#37 Mshauri wa Somo

ZATU ipo, lakini ile ni ya haki za kazi: mishahara, madaraja, mafao. Mwalimu wa biolojia na wa Kiarabu wote wamo. Anachouliza #1 ni jumuiya ya fani, ya watu wanaokaa kubishana kama "kamusi" ni la au ya. Hizo ni kazi mbili.

#38 Mkazi wa Temeke

Kwa maana hiyo, uzi huu wenyewe ndio hiyo jumuiya. Ya ile ya kamusi bado siiachi.

#39 Mvita Asilia

Na vyama vya Kiswahili vya leo je? Kwetu Kenya twaitaja CHAKITA ya 1998, kuna CHAKAMA ya Afrika Mashariki, kuna CHAUKIDU ya dunia. Na nyie Zanzibar ndio mmepewa makao ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kiti mlichukua 1928, sasa na nyumba!

#40 Msomaji wa Zamani

Karibu ukae barazani kwetu, chai ipo.

Ni kweli, lakini angalia wanaokaa humo: wahadhiri, watafiti, waandishi. BAKIZA nalo ni baraza la serikali, kwa sheria ya 2004. Mwalimu wa darasa la tatu kule Konde anaalikwa kusikiliza mada, akipata nauli. Wale 23 wa Wete walikuwa wenyewe ndio watoa mada na wenyewe ndio wasikilizaji. Sijui kama tunacho kitu cha namna hiyo sasa.

#41 Mwana wa Wete

Picha hizo nimeweka, kurasa zote kumi na mbili. Ahsanteni nyote.

Kitu kimoja nilikuwa sijakiona. Ukurasa wa mwisho, ndani ya jalada, pana hesabu kwa penseli: sukari, majani ya chai, mandazi 60, na "maziwa kaleta mwenyewe". Halafu jadweli la ada, miezi mitatu tu. Waliolipa wamewekewa alama ya vema, wasiolipa duara tupu.

#42 Fundi Saa

Miezi gani?

#43 Mwana wa Wete

Imeandikwa 1, 2, 3. Yaweza kuwa Januari hadi Machi, yaweza kuwa mwezi wa kwanza wa chama.

#44 Mlinzi wa Makaratasi

Saini hizo za Kiarabu zimeandikwa na mkono uliozoea, si za kujaribu. Watu waliosoma chuo cha Kurani wakaandikiana barua za Kiswahili kwa herufi hizo. Mimi hilo linanirudisha 1970.

#45 Bint Chake

Baba yangu alitia saini kwa Kiarabu mpaka alipofariki 2003. Halirudishi popote hilo.

#46 Ummu Salama

Nimemsomea mama uzi wote, umechukua kutwa kwa sababu kila post anataka kuijibu. Ana miaka 78. Anasema aliwahi kuhudhuria. Nilimtajia mandazi kabla ya picha kutoka, akasema maziwa alileta mwanamke mmoja wa Kipangani aliyekuwa na ng'ombe.

Mwaka hakumbuki. Anakumbuka kwamba alikwenda na mtoto mgongoni, lakini tuko saba na hajui alikuwa nani.

Jina anasema hawakuwa nalo. Walikuwa wakisema tu "kikao": "Jumamosi kuna kikao". Jina refu katibu aliliandika kwa ajili ya ile barua ya Unguja, wakacheka wote lilipokuwa likisomwa. F hamjui. Kuhusu kwa nini waliacha, nimemuuliza mara mbili. Mara ya kwanza kasema katibu alihamishwa. Mara ya pili kasema mvua.

#47 Maalim Mstaafu

Mpe mama salaam zangu nyingi. Muulize barua ilijibiwa?

#48 Ummu Salama

Anasema hajui, lakini walisubiri.

Yeye ana suali lake kwa #1. Anasema mwezi wa pili hakulipa, mtoto alikuwa anaumwa, alimwambia katibu atalipa baadaye. Anataka kujua kama aliandikwa. Jina lake nimekutumia pembeni.

#49 Mwana wa Wete

Nimelipata. La tisa, herufi K. Mwezi wa kwanza vema, wa tatu vema. Mwezi wa pili duara, na ndani ya duara mjomba kaandika kidogo sana: "mgonjwa".

#50 Ummu Salama

Nimemwambia. Amenyamaza kidogo, kisha kanituma nikamletee mkoba wake.